Adhana Inaanza Machoni

Haya maneno niliyazungumza Mikindani baada ya Alasiri, kwenye kikao cha waadhini wa huku kwetu kabla ya Ramadhani. Walikuwepo wa Mtwara mjini, wa Lindi, na wawili walitoka Kilwa Masoko na basi la alfajiri. Vijana waliniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivotoka, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivohivo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashekhe wangu, na nyie vijana mliojipanga chini ya feni utadhani joto la Mikindani mmelijua leo. Nimeambiwa nizungumzie fadhila za adhana. Fadhila mnazijua, kila mwaka mnasomewa, kwamba waadhini watakuwa na shingo ndefu kuliko watu wote Siku ya Kiyama, ipo kwenye hadithi za Imamu Muslim, na kwamba lau watu wangejua kilichomo kwenye adhana na safu ya kwanza wangepigiana kura. Mi leo sirudii hizo. Nataka tuzungumze ugomvi, mana sisi waadhini tunagombana jamani, tena tunagombania vitu ambavyo wanavyuoni walishavimaliza zamani, alafu kile kitu ambacho hakina khilafu, yaani hitilafu, hata kidogo tunakipita kama hatujakiona.

Nianze na kisa. Kuna msikiti, sitautaja, uko huku huku kusini, mzee mmoja kaadhini pale miaka na miaka. Akishamaliza zile Allahu akbar nne anatulia kidogo, kimya, alafu ndo anaendelea na shahada. Watu wote wanajua hapo mzee anavuta pumzi, mpaka watoto wakicheza adhana barazani wanamuigiza na pumzi yake. Sasa msikiti ukapata spika mpya na maiki ya kisasa, zile ambazo hata ukimeza mate inasikika barabarani. Adhuhuri ya kwanza na maiki mpya, mzee kaanza vizuri, Allahu akbar, Allahu akbar, kafika pale pake pa kutulia, mtaa mzima ukamsikia ananong'ona ash-hadu an laa ilaaha illa Llah mara mbili, ash-hadu anna Muhammadan rasuulullah mara mbili, alafu ndo akapaza sauti akazisema tena zilezile. Baada ya swala ikawa vita. Kijana mmoja katoka kusoma, akasimama akasema mzee umezidisha maneno kwenye adhana, huu ni uzushi. Mzee anamwambia mwanangu mbona nasema hivi toka sijaota ndevu? Kijana anamjibu haiwezekani, tungesikia!

Mnacheka, lakini siku ile hakucheka mtu. Ilifika mahali wengine wakahama msikiti.

Kile alichokuwa anafanya mzee kina jina, kinaitwa tarjii. Kwenye madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni sunna, unazisema shahada mbili kwanza kwa sauti ya chini, asikie aliye karibu yako, alafu unarejea unazitoa kwa sauti ya juu. Ndo maana ikaitwa tarjii, kurejea. Kumbe wazee wetu walikuwa wanatarjii miaka yote hiyo na sisi tunasema wanavuta pumzi, maiki ndo imeitoa siri nje. Na yule kijana naye simlaumu sana, alikosoma walimfundisha adhana ya Bilal, mwadhini wa Mtume, ambayo haina tarjii, na adhana ya Bilal ni sahihi pia. Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili hawakujua kwamba mwenzake ana haki.

Tatizo letu tunadhani adhana ilishuka kama mzigo mmoja uliofungwa kamba. Hebu tukumbushane ilivokuwa.

Mtume swalla Llahu alayhi wasallam kahamia Madina, mwaka 622 kwa hesabu ya Miladia. Waislamu wanakusanyika kwa kukisia tu wakati, hakuna wa kuwaita. Wakakaa kikao kama hiki chetu. Mmoja akasema tupige kengele kama Wanasara, mwingine akasema tupulize baragumu kama Mayahudi, na kuna riwaya imetajwa moto. Hawakufika mwisho. Abdullah bin Zayd akaenda kulala na hilo jambo kichwani, akaota mtu kavaa nguo mbili za kijani kabeba kengele. Akamuuliza, unauza hiyo? Yule mtu akamuuliza unataka uifanyie nini, akasema tuitie watu swala. Akamwambia, nikuoneshe kilicho bora kuliko hicho? Akamfundisha maneno ya adhana. Asubuhi akaenda kumweleza Mtume, Mtume akasema ni ndoto ya kweli inshallah, nenda ukamsomee Bilal maana sauti yake inakwenda mbali kuliko yako. Bilal alivoadhini, Umar akatoka nyumbani kwake anaburuza nguo anasema na mimi nimeota hivohivo.

Angalieni hapo. Aliyeota siye aliyepewa kuadhini. Abdullah bin Zayd angeweza kununa, akasema ndoto yangu maiki yangu. Huku kwetu tungegombana mpaka leo.

Sasa twende Makka, mwaka wa nane wa Hijra. Mtume anarudi kutoka vita vya Hunayn. Kuna kijana anaitwa Abu Mahdhura, yuko na wenzake njiani, wakasikia mwadhini anaadhini, wakaanza kumuigiza kwa kejeli. Watoto wa mjini. Mtume akawasikia, akawaita, akauliza sauti niliyoisikia ikipanda ilikuwa ya nani, wenzake wote wakamnyooshea kidole (marafiki ni walewale zama zote). Abu Mahdhura mwenyewe anasimulia kwamba wakati ule hakuna kitu alichokuwa anakichukia kama kile anachoamrishwa. Mtume akamfundisha adhana neno kwa neno yeye mwenyewe, akampa kifuko chenye fedha, akampangusa kwa mkono wake, chuki yote ikatoka. Akawa mwadhini wa Makka. Na adhana aliyofundishwa ilikuwa na tarjii.

Kwa hiyo ukitaka kujua hitilafu zimetoka wapi, nyingi zimetoka hapo. Bilal Madina, Abu Mahdhura Makka, na wote wawili mwalimu wao mmoja. Imamu Shafi, makuzi yake Makka, akachukua ya Abu Mahdhura, adhana yake ukihesabu na zile za sauti ya chini ni maneno 19, lakini ikama, ile ya kusimamishia swala, akachukua ya kwenda moja moja, 11. Imamu Abu Hanifa kule Kufa akashika adhana ya maneno 15 bila tarjii, na ikama yake ndo ndefu kuliko adhana, 17, yaani ukienda kuswali kwa Wahindi au Waturuki ukasikia ikama inarudiwa mbili mbili usidhani mtu kasahau. Imamu Malik akatazama watu wa Madina wanafanyaje, kwake Allahu akbar za mwanzo ni mbili tu siyo nne, tarjii ipo, jumla 17, ikama 10. Imamu Ahmad 15 na ikama 11. Hapo sijahesabu ile ya Alfajiri, as-swalaatu khayrun mina n-naum, swala ni bora kuliko usingizi. Mashia Ithnaasheri adhana yao ni 18, hawana hiyo ya usingizi, wana hayya alaa khayril amal, njooni kwenye amali bora, na laa ilaaha illa Llah ya mwisho wanaisema mara mbili. Ile shahada ya kumtaja Sayyidna Ali wanavyuoni wao wenyewe wanasema si sehemu ya adhana, wanaisema kwa kupendeza. Nawatajia si ili muadhini hivo, nawatajia ili siku ukiwa safarini ukaisikia usiguse mawe.

Na sisi huku pwani tuko kwenye hiyo njia ya Imamu Shafi toka lini? Yule msafiri Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, nyie wa Kilwa mnajua, akaandika kwamba watu wake ni wa dini na wema na madhehebu yao ni Shafi. Karibu miaka 700 hiyo. Nendeni pale Kisiwani mkauone Msikiti Mkuu, kuba zimebaki, nguzo zimebaki, mnara mrefu hamna. Misikiti yetu mingi ya zamani ya pwani haikuwa na minara kabisa, mtu alikuwa anapanda juu ya paa au anasimama mlangoni. Na hata msikiti wa Mtume enzi zake haukuwa na mnara, minara ilikuja baadaye zama za watawala wa Banu Umayya. Bilal alikuwa anapanda nyumba ya mama mmoja wa Bani Najjar, ndo ilikuwa ndefu kuliko zote jirani ya msikiti. Kwa hiyo ukiwa na msikiti wa makuti kule Msimbati huna mnara, hujapungukiwa kitu.

Sauti nazo zimetofautiana, na hapa mi napenda kukaa kidogo mana ni kitu kitamu. Waturuki wana maqamu ya kila wakati, yaani naghma maalumu, Alfajiri wanaadhini kwa Saba ambayo ina huzuni fulani hivi inakutoa kitandani taratibu, Alasiri kwa Rast, Magharibi kwa Segah. Na pale Istanbul, msikiti wa Sultan Ahmed, waadhini wawili wanapokezana, huyu anasema neno ananyamaza, wa pili analijibu kwa mbali. Damascus kwenye Msikiti wa Banu Umayya wanaadhini kundi zima kwa pamoja, kama kasida. Indonesia, misikiti mingi ya Java inapiga ngoma kubwa inaitwa bedug kwanza ndo inafuata adhana. Huku ukipiga ngoma msikitini kabla ya adhana nadhani ngoma yenyewe itapasuliwa na wewe juu yake. Malaysia mwadhini wanamuita bilal tu, ndo jina la kazi. Makka tumezoea ile sauti ya Sheikh Ali Mulla, yuko pale toka 1975, nusu ya vijana humu ndani mnamuigiza yeye, na nusu nyingine mnamuigiza yeye vibaya.

Tena kuna nchi waliibadilisha mpaka lugha. Uturuki mwaka 1932 serikali iliamuru adhana iwe ya Kituruki, badala ya Allahu akbar wanasema Tanrı uludur, na baadaye mtu akiadhini kwa Kiarabu anashtakiwa. Miaka 18. Mwaka 1950, mwezi wa Juni, wakaruhusu tena Kiarabu, ikarudi. Miaka 18 ni mtoto anazaliwa mpaka anakuwa mtu mzima hajaisikia adhana ya babu yake juu ya mnara. Tukigombania pumzi ya mzee tuwe tunakumbuka kwamba kuna watu waliondolewa adhana yote.

Salawati baada ya adhana kwa spika, na adhana ya Ijumaa moja au mbili, najua mnangoja niseme. Siendi mbali. Ile ya ziada ya Ijumaa kaiweka Sayyidna Uthman watu walipokuwa wengi, ipo kwa Bukhari, ilikuwa inaadhiniwa sokoni huko Zawraa, masahaba wapo na wameinyamazia, anayeiacha anasema narudi kwenye ya Mtume, naye hajakosea. Salawati kumswalia Mtume baada ya adhana ni hadithi sahihi, ugomvi uko kwenye sauti tu. Yaishe hapo.

Kwenye matamshi lakini siwezi kupapita. Kuna kisa kinasimuliwa sana kwenye mihadhara, kwamba Bilal alikuwa hawezi kutamka shini, anasema as-hadu, na Mtume akasema sini ya Bilal kwa Mwenyezi Mungu ni shini. Kinawafurahisha watu. Wanavyuoni wa hadithi, Ibn Kathir na mwalimu wake Mizzi, wamesema hakina asili. Bilal alichaguliwa kwa sauti, wakati wenye Kiarabu chao walikuwa wamejaa, angekuwa na kigugumizi cha herufi maadui zake wangesema mpaka leo. Sasa sisi tumekifanya kisa hicho ndo godoro la kulalia. Mtu anasema Allahu akbaaar, anaivuta ile ba, kwenye Kiarabu akbaar ni wingi wa kabar, ngoma. Mtu anaanza na Aaallahu, imeshakuwa swali, Je, Mungu? Mtu anasema haya la swala. Nyie vijana mnataka naghma ya Makka wakati ha ya chini kooni bado inawasumbua, anza na herufi, naghma itakuja yenyewe au isije.

Haya. Sasa kile ambacho hakina khilafu.

Mtume kasema, imamu ni mdhamini na mwadhini ni mwaminiwa. Mwaminiwa wa nini? Watu hawajakuamini sauti, wala hawajakuamini tarjii. Wamekuamini wakati. Mama kule nyumbani kaweka uji mezani, hatoki nje kuangalia jua, anakusikiliza wewe. Hakuna madhehebu hata moja inayosema adhana ya swala ya faradhi inaweza kutangulia wakati wake, isipokuwa ile ya kwanza ya Alfajiri ambayo ina mjadala wake.

Ngoja niwape aibu yangu. Ramadhani ya mwaka 2000, nyie watu wazima mnakumbuka iliangukia Desemba. Mi ndo nilikuwa mwadhini wa Magharibi kwenye msikiti wetu, kijana, sauti ipo, kichwa hakipo. Mvua za huku zishaanza, wingu limetanda toka Alasiri jua hulioni. Saa yangu ya mkono ilikuwa ya kubahatisha, nikaweka redio dirishani. Redio ya Dar es Salaam ikaadhini na mi nikapanda nikaadhini. Watu wakafungua, tende, uji, mihogo ile ya nazi. Haukupita muda wingu likapasuka upande wa magharibi, jua hilo hapo! Jekundu, ukingo wake mwembamba kama ukucha, linawatazama watu na tende mdomoni. Hakuna aliyenipiga. Marehemu mzee aliyenifundisha adhana akanijia taratibu, kanzu kaikunja mkononi, akaniambia, mwanangu, leo umewafuturisha watu kwa jua la Dar es Salaam.

Siku ile tulilipa wote. Mi nililipa na aibu juu yake.

Kilichonitatiza baadaye ni kwamba nilikuwa najua Mtwara tuko mashariki zaidi ya Dar, kwa hiyo jua linazama kwetu kwanza, tofauti ni karibu dakika nne. Sasa mbona siku ile sisi ndo tulichelewa? Mwalimu mmoja wa jiografia alinichorea chini mchangani pale feri, tunangoja kivuko cha Msangamkuu. Akaniambia hesabu yako umeifanya nusu, umeangalia mashariki na magharibi, hujaangalia kusini. Mtwara tuko kusini zaidi, Desemba jua liko upande wetu, mchana wetu ni mrefu kuliko wa Dar, huo urefu unakula zile dakika nne na unabakisha. Juni jua limekwenda kaskazini, mchana wetu mfupi kuliko wao, hapo vyote viwili vinajumlishana.

Twende kwa namba. Karibu na tarehe 20 Juni, Mtwara jua linazama kama saa 12 na dakika 6 jioni, Dar kama saa 12 na dakika 16. Dakika kumi. Mkumbuke Ramadhani ya 2016, ilikuwa Juni, ule msimu aliyefuturu kwa redio ya Dar alikaa dakika kumi anaangalia chai inapoa wakati sunna ni kuharakisha kufuturu. Katikati ya Desemba kinyume chake, Mtwara kama 12 na 36, Dar kama 12 na 33. Hapo ndo pabaya, mana Juni umechelewa tu, Desemba umekula mchana. Na Februari tunakaribia kulingana nao sawasawa, na Ramadhani za miaka hii ziko Februari, ndo maana mtu anakuambia shekhe mi nafuata ya Dar na sijawahi kukosea. Hujakosea kwa sababu ya mwezi. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mtarudi palepale niliposimama mimi na redio yangu, ila safari hii redio iko mfukoni.

Mana simu nazo. Kijana ananiambia mzee hii app inajua. Inajua nini? Inajua ulichoiambia. Fungua setingi zake uone, Alfajiri mmoja anahesabu jua likiwa chini ya upeo kwa nyuzi 18, Wamisri 19 na nusu, ile ya Marekani ya Kaskazini nyuzi 15. Kati ya 15 na 18 huku kwetu ni zaidi ya dakika 12. Misikiti miwili imeangaliana, simu mbili, mmoja anaadhini mwenzake bado anakula daku, alafu tunasema ni khilafu ya wanavyuoni, kumbe ni khilafu ya setingi! Alasiri nayo, kuna sehemu imeandikwa Hanafi, ukiigusa bahati mbaya Alasiri inasogea kama saa nzima mbele, kwa sababu wao wanangoja kivuli kifike mara mbili ya kitu. Kuna madrasa watoto walikaa kungoja Alasiri mpaka wakalala, mwalimu simu mpya.

Bilal alikuwa akifika juu ya ile nyumba anakaa. Yule mama mwenye nyumba ndo kasimulia, anasema alikuwa anakuja wakati wa daku anakaa juu ya paa anaitazama alfajiri, akiiona anajinyoosha, anaomba dua, ndo anaadhini. Anakaa, anatazama. Na yule mwadhini wa pili, Ibn Umm Maktum, alikuwa kipofu, na ndo huyo Mtume alisema kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Kipofu anajuaje? Alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha, kumekucha. Hata asiyeona aliadhini kwa macho, ya wenzake. Sisi tuna macho mawili kila mtu na tunatazama kioo.

Sikatai simu, na mi ninayo. Wingu likitanda utafanyaje. Nasema tuwe na ratiba ya huku, iliyohesabiwa kwa Mtwara na nyingine kwa Lindi na Kilwa, mana Kilwa nayo si Mtwara, tukubaliane nyuzi za Alfajiri tukiwa na mashekhe wetu, na kila siku jua likionekana mtu atoke alilinganishe na ratiba. Siku 30 tu utajua ratiba yako inasema kweli au la. Mafundi wa dau hapo chini wanajua jua kuliko sisi waadhini, ni aibu hiyo.

Spika nimalizie haraka. Mtaa mmoja misikiti mitano, honi nne nne juu ya kila mnara, zinaanza kwa kupishana nusu dakika, mtu katikati hasikii hata adhana moja, anasikia kelele tano. Saudia mwaka 2021 waliagiza spika za nje zitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti isizidi theluthi ya uwezo wa mashine. Indonesia nao 2022 wakatoa mwongozo mwisho desibeli 100. Hao ni Waislamu wenyewe, hawajaambiwa na mtu. Cairo wao walienda mbali zaidi, 2010 wakaanza mpango wa adhana moja kurushwa kwenye misikiti yote, mi hilo sitaki, mnataka kila mwadhini akae nyumbani? Ila kupunguza sauti na kukubaliana nani aanze, hilo halihitaji serikali. Na amplifaya inapopiga mluzi, zima kwanza. Mtoto mchanga yuko jirani, mgonjwa yuko jirani, na kuna jirani asiye Muislamu ambaye anatuvumilia na hajawahi kusema kitu.

Alafu nyie viongozi wa misikiti, mlioko nyuma huko. Mnachanga tailizi, mnachanga rangi, mnachanga honi ya tano. Mwadhini anatoka Magomeni usiku wa saa kumi kwa miguu, mbwa wanamjua kwa jina. Kuna hadithi ya Uthman bin Abil Aas, Mtume kamwambia achukue mwadhini asiyechukua ujira kwa adhana yake, nawaona mnaitikia kwa vichwa hiyo mmeihifadhi. Wanavyuoni wakajadili wakaona anaweza kupewa posho ya kukaa na kuchunga wakati. Baiskeli si ujira. Tochi si ujira. Koti la mvua la mwezi wa tatu si ujira.

Kuhusu mvua, mmoja kaniletea kikaratasi anauliza kama ni kweli adhana inaweza kubadilishwa mvua ikizidi. Ni kweli. Sahaba Ibn Abbas siku ya matope alimwambia mwadhini wake, ukifika pale pa hayya alas-swalaah sema swallu fii buyuutikum, swalini majumbani mwenu. Watu wakashangaa, akawaambia kafanya hivo aliye bora kuliko mimi. Na mwaka 2020 wakati wa korona mliisikia kwenye simu kutoka Kuwait, mwadhini analia. Huku kwetu hatukufunga misikiti kwa hiyo hatukuisema. Lakini ijue, ipo, siku daraja likisombwa usiwaite watu kwenye maji.

Yule mzee wa tarjii, mtaniuliza ilikuaje. Walikuja kwangu wote wawili. Nikamwambia kijana kaa chini ya mzee wiki moja umsikilize bila maiki. Nikamwambia mzee, shahada za chini geuza uso pembeni ya maiki, ndo sunna yenyewe, asikie wa karibu. Siku ya nne kijana akaniambia kitu ambacho mimi sikukijua miaka yote, kwamba mzee kila Magharibi kabla hajashika maiki anatoka nje ya mlango wa kusini, anasimama karibu na mwembe, anaangalia, anarudi. Simu hana. Kijana akalinganisha na ratiba yake aliyotoka nayo chuoni, mzee yuko sawa, ratiba ndo ilikuwa ya mji mwingine.

Limebaki kama robo saa. Leo zamu ya nani? Wewe? Hiyo simu iache hapo juu ya mkeka, toka nje, upande ule wa bahari minazi inakuziba, zunguka nyuma ya choo cha wanaume panaonekana vizuri. Ukiliona limezama lote, njoo.